Aliyeketi Kushoto kwa Baba

Baba alishuka kwenye treni ya kutoka Goweko akiwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kikohozi nilichokisikia kabla sijamwona mwenyewe. Alishika chuma cha mlango wa behewa akasubiri pumzi irudi. Watu waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika, kisha wakamtazama vizuri wakanyamaza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu kuku ameumia njiani. Mchinje leo."

Hakuniuliza habari za kazi wala za wanangu, ambao wakati huo walikuwa shule za bweni. Hakuwa mtu wa kuuliza. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye kule kijijini, alikuwa amenipigia simu akaniambia kwamba baba hawezi tena kutoka nyumbani kufika shambani bila kukaa chini njiani, na zahanati hataki kuisikia. Mimi nilipozungumza na baba sikugusa habari ya ugonjwa. Nilimwambia wezi wamezidi mtaani kwangu na nyumba inashinda tupu nikiwa nafundisha. Akaja. Kulinda nyumba aliona ni kazi ya mwanamume. Kutibiwa angeona ni aibu.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku tangu kabla sijazaliwa. Asiyeijua kazi hiyo huenda akadhani taabu yake iko shambani tu. Taabu kubwa iko kwenye bani, kile chumba kirefu cha udongo kisicho na dirisha, ambamo majani huning'inizwa kwenye fito na kukaushwa kwa moto wa kuni. Moto ule hauachwi. Lazima mtu akae naye, aongeze kuni, apunguze, aingie ndani kutazama majani, atoke macho yakimtiririka machozi. Baba alikaa na moto huo kila msimu kwa maisha yake yote ya utu uzima. Tulipokuwa wadogo tulimtambua gizani kwa harufu ya nguo zake.

Hospitalini nilimpeleka kwa hila vilevile. Nilisema mimi ndiye mgonjwa, anisindikize. Tulipofika mbele ya daktari nikamsukuma yeye kwenye kiti. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, lakini alikaa. Walimpima, wakampiga picha ya kifua, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na vidonge vya moyo. Tukaambiwa mapafu yamechoka na hayatarudi kuwa kama zamani, ila yanaweza kutunzwa yasizidi kuharibika. Akae mbali na moshi.

Tulipokuwa tunarudi alisema, "Mkulima wa tumbaku akae mbali na moshi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha duka akipita.

Wiki zilizofuata ziliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Nikitoka shuleni nilimkuta ameketi pale pale nilipomwacha asubuhi, kwenye kigoda kando ya mlango wa uani, ameuelekea ukuta. Chai nilimkuta ameinywa nusu. Redio alikuwa ameizima. Nikimuuliza ameshindaje anajibu, "Nipo." Niliwaza kwamba nimemtoa kwenye moshi nikamweka kwenye ukimya, na sikujua kipi kitamuua mapema.

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu siku moja ya joto kali, ule wakati kabla ya mvua ambapo Tabora yote inakuwa vumbi na watu hawana hamu ya kusema. Spika ilitangaza mihadhara ya bure kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa parokia. Habari zenyewe zilikuwa za tiba jumuishi, afya ya mwili, akili na roho kwa pamoja, na jinsi tiba ya hospitali na tiba ya asili zinavyoweza kusaidiana. Wote walikaribishwa, wa dini zote.

Kwenye chumba cha walimu wenzangu walicheka. "Cha bure kina mwenyewe," mmoja alisema. "Utakaa pale asubuhi nzima, halafu mwisho watoe makopo ya unga wa mizizi, useme bei ni maalumu kwa leo tu." Huenda hata mimi niliamini hivyo. Lakini ukumbi ule una madirisha makubwa na ungekuwa na watu, na mimi sikutaka baba aukodolee macho ukuta ule Jumamosi nyingine.

"Kuna mkutano," nilimwambia. "Wanazungumzia afya."

"Nimeshatibiwa."

"Si matibabu. Ni mazungumzo tu."

"Mazungumzo," alirudia, kama neno hilo ni jina la mdudu. Ila alivaa shati lake la kanisani akanifuata.

Msemaji alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kila mtu alimwita mama daktari. Hakukuwa na makopo. Alisimama mbele ya viti vya plastiki bila karatasi mkononi akazungumza Kiswahili kile cha Tabora, cha taratibu na kilichonyooka, akichomeka Kinyamwezi pale alipoona wazee wameachwa nyuma. Alisema alifanya kazi hospitalini tangu ujana wake na alichoka kuona watu wakificha. Wakija kwake wanaficha mizizi waliyokunywa, wakienda kwa mganga wa asili wanaficha vidonge.

"Ukinywa mizizi, mwambie daktari wako," alisema. "Ukinywa vidonge, mwambie mganga wako. Yeyote kati yao akikukataza kusema, mkimbie. Na usiache dawa ya hospitali eti kwa sababu umesikia mimi nimesifu asali."

Watu walicheka kidogo. Mama mmoja alinyanyua mkono akauliza dawa zitagawiwa saa ngapi. Akajibiwa kwamba hakuna dawa zinazogawiwa wala kuuzwa, ni maneno tu. Yule mama alijifunga kanga yake vizuri akaondoka, na wengine kadhaa wakamfuata. Jumamosi ya pili ukumbi ulikuwa nusu. Ya tatu tulibaki wale ambao, nadhani, hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kati ya hao alikuwapo bibi mmoja wa mjini, Mwislamu, mjane, ambaye aliketi siku zote mstari wa mbele kabisa. Alikuwa mwembamba, mweupe kiasi, na baibui lake lilikuwa limepauka mabegani. Watu walisema familia yao ni ya wakazi wa kale wa mji huu, wale ambao babu zao waliingia na misafara wakaoa na kubaki, na kwamba marehemu mume wake alikuwa fundi seremala. Mara ya kwanza nilipomsalimia kwa nyuma nikipita, "Shikamoo, bibi," hakuitikia. Nikamsalimia tena Jumamosi iliyofuata, ikawa vilevile. Nikamwona ni mwenye kiburi, nikaacha.

Baba hakuwa mtu wa mbele, lakini kikohozi chake kilimfanya apende kuwa karibu na dirisha, na dirisha lililofunguka vizuri lilikuwa la mbele. Hivyo ndivyo alivyojikuta ameketi jirani na yule bibi. Bibi kushoto kwake, mimi kulia.

Somo lililobadilisha mambo lilikuwa la huzuni. Mama daktari alizungumza siku hiyo bila kutabasamu. Alisema amewahi kutibu matumbo, vichwa na migongo ya watu ambao ugonjwa wao haukuwa tumboni wala kichwani wala mgongoni. Mtu amezika, hakulia. Mtu ameona jambo, hakusema. Mwili unabeba mzigo huo miaka na miaka, kisha siku moja unakataa. "Maumivu mengine hayana kidonge," alisema. "Sisemi mkisema mtapona. Nasema tu, mkisema mtalala."

Kisha akatutaka tugeukiane wawili wawili. Mmoja aseme chochote kilicho moyoni mwake, mwenzake asikilize tu bila kujibu, bila kushauri, bila kusema pole. Halafu wabadilishane. Na kilichosemwa kisitoke nje ya watu hao wawili.

Inanibidi nieleze kwa nini nilimtazama baba.

Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, mbali na nyumbani. Nilipofika Goweko alikuwa ameshazikwa. Mdogo wangu wakati huo alikuwa mtoto mdogo wa kuanza kutembea tu, tena hakuwapo, alikuwa kwa shangazi, kijiji cha Ipole. Nyumbani walikuwa wao wawili, mama na baba, ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Baba aliniambia, "Mama yako ametutoka," na hilo ndilo neno pekee nililolipata kwake juu ya jambo hilo. Ndugu walisema mambo mbalimbali. Huyu anasema ilikuwa homa. Yule anasema aliingia kwenye bani akatoka anatapika, hakuinuka tena. Wengine walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi sikuwahi kujua aliugua siku ngapi, alisema nini, aliniita au hakuniita. Aliyejua alikuwa mmoja, naye alikuwa ameketi kushoto kwangu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

Nikageuza kiti changu kumwelekea.

Alikuwa ameshageuza chake. Alikuwa amenipa mgongo, amemwelekea yule bibi wa baibui lililopauka, na tayari alikuwa anazungumza.

Mimi nilipangwa na kijana mmoja fundi pikipiki aliyekuwa nyuma yangu. Aliniambia habari za mchumba wake. Sikusikia hata neno. Niliona mabega ya baba yakipanda na kushuka, niliona mkono wake wa kulia ukitoka mapajani ukaonyesha kitu kama urefu wa mti, ukarudi. Baba ambaye hakuwahi kutumia mikono kuzungumza! Yule bibi alikuwa amemkazia macho usoni, hapepesi. Walipoambiwa wabadilishane, bibi alitikisa kichwa kwa upole akamwashiria baba aendelee. Akaendelea.

Njiani nilijikaza mpaka tukafika karibu na nyumbani.

"Baba, mlikuwa mnaongea nini na yule bibi?"

"Tuliongea."

"Habari gani?"

"Kwani wewe hukusikia masharti ya daktari?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo Jumamosi zikawa za baba. Ijumaa jioni aliniomba pasi ya mkaa apigie shati lake mwenyewe. Asubuhi nilimkuta amevaa, ameketi kwenye kigoda, ameuelekea mlango badala ya ukuta. Mama daktari alikuwa na masomo mengine, ya chumvi na mafuta, ya usingizi, ya jinsi ya kupumua kwa kupuliza taratibu kama mtu anayepoza uji, na baba aliyafuata yote. Alivuta dawa yake kwa wakati. Alikubali asubuhi anywe uji wa ulezi badala ya chai kavu. Lakini kila somo lilimalizika kwa zoezi lile la wawili wawili, na mimi nilijua kwamba ni zoezi hilo ndilo lililomwamsha mapema.

Hakupona. Sitaki mtu asome hapa akadhani alipona. Kikohozi kilikuwa kile kile, na miguu ilianza kuvimba. Ila alilala usingizi. Nilipita mlangoni kwake asubuhi nikamsikia anakoroma, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aje, na nilisimama pale na ndoo mkononi nikiwa na furaha na wivu kwa pamoja. Kuna mtu asiyemhusu alikuwa anapewa, wiki baada ya wiki, kitu ambacho mimi nilikisubiri tangu nikiwa msichana wa shule. Nilimchukia yule bibi. Nilimchukia kwa adabu, kwa kumpisha mlangoni na kumshikia mkoba, lakini nilimchukia.

Mara moja nilijaribu kwa njia yangu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa ya kwanza, tumekaa uani tukimenya viazi. Nikasema, "Baba, mama alipougua…"

Aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa refu, halikukatika. Alipomaliza kile kiazi alikiweka kwenye sufuria ya maji, akachukua kingine.

"Kisu hiki butu," alisema.

Mvua za kwanza ziliponyesha akaanza kuzungumzia miche. Mdogo wangu alikuwa amepanda tumbaku tena, nani angelima kitu kingine wakati chama cha msingi cha ushirika kinatoa mbolea ya tumbaku tu kwa mkopo? Nilimsihi baba abaki. Nilimkumbusha picha ya kifua. Nilimwambia mama daktari atasikitika.

"Nimekaa na wewe vizuri," alinijibu. "Lakini mtu hulinda nyumba yake."

Jumamosi ya mwisho kabla hajaondoka niliona akimpa yule bibi michembe iliyobaki, imefungwa kwenye gazeti. Bibi aliipokea kwa mikono miwili akaiweka pajani. Asubuhi moja ya mawingu nikampandisha treni, akaketi dirishani upande wa pili, sikuweza kumwona treni ikiondoka.

Alifariki katikati ya msimu wa kukausha. Simu ya mdogo wangu ilinikuta kwenye chumba cha walimu, mchana, nikisahihisha madaftari. Alisema baba alikuwa ameketi nje ya bani kwenye gogo, amekatazwa kuingia, lakini alitaka kuwa karibu. Aliomba uji. Mke wa mdogo wangu alipouleta umepozwa akamkuta amejiegemeza ukutani. Nilimuuliza mdogo wangu, "Alisema chochote?" Akasema, "Aliomba uji, dada. Nimeshakuambia."

Nilipofika Goweko nilikuta moshi unatoka kwenye bani. Niliuona kabla ya kuona turubai la msiba, kabla ya kusikia kilio. Nikamshika mdogo wangu mkono nikamvuta pembeni.

"Hata leo?"

Alikuwa na macho mekundu, na sikuweza kujua ni ya kilio au ya moshi. "Jani liko fitoni, dada. Moto ukizimika sasa linaharibika lote, na deni la mbolea liko kwa jina la baba. Unataka nifanyeje?"

Tulimzika baba moshi ukipita juu ya watu, katekista akisoma na kukohoa.

Siku iliyofuata liliingia gari dogo. Alishuka mama daktari, akafuata yule kijana fundi pikipiki, na kisha, kwa shida, akiwa ameshikwa mkono, yule bibi. Walikuwa wametoka mjini kwa ajili yetu. Watu wa kijiji walimtazama sana bibi, na baibui lake, katika msiba wa Wakatoliki. Aliketi mkekani na wanawake, akala kidogo, akaomba dua yake kimya. Nami nikaona kwamba hii ndiyo nafasi, na kama sitaitumia sitaipata tena.

Nilimwendea akiwa amebaki peke yake. Nikaketi mbele yake.

"Bibi, shikamoo. Asante kwa kuja."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri."

"Bibi, nisamehe. Najua mama daktari alituwekea masharti. Lakini baba hayupo sasa. Nataka kujua alichokuwa anakuambia. Alizungumza habari za mama yangu?"

Nilikuwa nimeinamisha uso niliposema hivyo, kwa aibu. Alininyanyua kidevu kwa vidole vyake vikavu.

"Sema ukinitazama," aliniambia. "Sisikii vizuri. Nasoma midomo."

Nikarudia. Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza. Uso wake ukabadilika, na nikaelewa kabla hajasema, ila sikutaka kuelewa.

"Mwanangu, mimi masikio yangu yamekufa tangu homa niliyougua uzeeni. La kushoto halina kitu. La kulia linashika kelele tu. Kiswahili, mtu akinisemea taratibu, nakiona mdomoni. Baba yako alikuwa ananisemea Kinyamwezi, tena mbiombio, huku anatazama chini."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

"Yeye alijua?"

Alifikiri. Kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Siku ya kwanza nilimwambia. Nilimwonyesha sikio langu hivi, nikafanya ishara hakuna. Nilitaka atafute mtu mwingine asije akapoteza maneno yake. Akatikisa kichwa kwamba sawa, amenielewa. Halafu akaanza." Alinishika mkono. "Nadhani ndiyo sababu aliketi na mimi, mwanangu. Mimi nilikuwa namtazama tu. Akilia, nalia. Akinyamaza, nanyamaza. Nilikuwa naenda pale ili nikae na watu. Nyumbani nina kuta."

Wivu wangu wote wa Jumamosi zile haukuwa na mahali pa kukaa.

Labda alinionea huruma, maana alinivuta karibu. "Kuna neno moja nililikamata, kwa sababu alilirudia rudia kila wiki, na mimi nimeuza sokoni na Wanyamwezi miaka mingi, nalijua mdomoni linavyokaa. Minzi. Alikuwa anasema minzi, minzi."

Minzi ni maji.

Niliondoka pale nikazunguka nyuma ya nyumba. Maji. Mama aliomba maji? Aliomba na hakupewa, kwa sababu baba alikuwa ndani ya bani hakumsikia? Alipewa yakamtoka? Au baba alikuwa anaeleza tu kuhusu miche, kwamba mwaka ule kisima kilikauka, au anamweleza mtu asiyesikia habari za mto alioogea akiwa mdogo? Kila nilipoligeuza neno lile lilibeba kifo tofauti cha mama yangu, na hapakuwa na mtu chini ya jua wa kuniambia kipi ndicho.

Mama daktari alinifuata. Alisimama kando yangu.

"Ulijua kwamba yule bibi ni kiziwi?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Na ukawaacha?"

"Niliona mzee anaanza kulala usingizi," alisema. "Ulikuja ukaniambia mwenyewe. Nikaogopa kugusa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sijui kama nilifanya vizuri. Huwa nawaambia watu mkisema mtalala. Sikuwahi kufikiria wale wanaobaki macho."

Sikumlaumu. Niliona amezeeka kuliko alivyokuwa ukumbini. Walikunywa chai, wakatoa rambirambi, wakaondoka kabla njia haijaharibika kwa mvua.

Asubuhi yake nilimuuliza mdogo wangu kama aliwahi kusikia chochote kuhusu mama na maji. Tulikuwa mbele ya bani. Alikuwa anafungua mlango, na joto lilitupiga usoni pamoja na ile harufu tamu nzito.

"Maji gani?"

"Sijui. Maji tu."

Alifikiri kwa uaminifu, maana ni mtu mwema. "Mimi nilikuwa Ipole, dada. Niliambiwa ni homa." Kisha akakohoa, akatema pembeni, akaanza kushusha fito. Majani yalikuwa yamekauka vizuri, ya rangi ya dhahabu. Mke wake alikuwa amechoka na msiba, na mikono ilihitajika, kwa hiyo nilivua saa yangu nikaketi chini pamoja nao kuchambua majani, makubwa huku, yenye madoa kule, mpaka vidole vikawa vyeusi na kunata.

Nilirudi mjini. Jumamosi chache nilikwenda ukumbini, nikaketi nyuma. Bibi alikuwa mbele, sasa na yule kijana fundi pikipiki, ambaye alimsemea Kiswahili taratibu akimtazama usoni, na bibi akicheka. Halafu mvua zikazidi, watu wakapungua, mama daktari akaanza kuugua magoti. Siku moja tulikuta mlango umefungwa na kwaya ya parokia inafanya mazoezi ndani. Hakuna aliyetangaza kwamba imekwisha.

Mdogo wangu nimemwomba mara nyingi aje apigwe picha ya kifua. Anasema atakuja tumbaku ikishauzwa. Ikishauzwa, anasema atakuja miche ikishapandwa. Juzi nimempigia nikamwambia wezi wamezidi mtaani kwangu, nahitaji mtu wa kulinda nyumba.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakata simu.